Tangi la futi nne linamtosha nani? Kuchagua samaki mwindaji kwa nyumba za Thika na Ruiru

Kila anayefuga samaki wa mapambo kwa muda hufika siku akawachoka wale wadogo wa rangi rangi, akatamani samaki mwenye tabia: anayemtambua mwenye kumlisha, anayenyemelea chakula chake, anayekuja mbele ya kioo mtu akipita. Samaki wa namna hiyo takriban wote ni wawindaji, yaani hula viumbe wengine. Kwa wenzetu wa Pwani walioko Thika na Ruiru, wawe wanafunzi au wafanyakazi wa viwandani, hamu hiyo hukutana na fleti ndogo ya ghorofani, usiku wa baridi, na maji ya mfereji ambayo, kama tulivyozoea na sisi huku, huja kwa zamu. Makala haya ni ya kuwasaidia kuchagua samaki kwa kuanzia na tangi walilo nalo, si kwa kuanzia na samaki aliyewapendeza dukani.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba dukani huuzwa watoto. Oska, samaki wa asili ya mto Amazon ambaye wataalamu humwita Astronotus ocellatus, huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Akilishwa vizuri huongeza sentimita 2 hadi 3 kila mwezi katika mwaka wake wa kwanza, hatimaye akafika sentimita 30, na huishi miaka 10 na zaidi. Huyo ni wa wastani tu. Arowana wa rangi ya fedha, anayependwa kwa vile huelea kama upanga chini ya uso wa maji, hukaribia mita 1. Kambare mkia mwekundu, wa Amazon vilevile, hupita mita 1 na mdomo wake humeza samaki yeyote uliyemweka naye. Gari mamba wa Marekani, yule mwenye mdomo mrefu wa meno, hupita mita 2. Hakuna fleti ya Ruiru wala nyumba ya Section 9 pale Thika yenye tangi la kumweka hata mmoja wa hawa watatu akiwa mzima, na bado watoto wao hutangazwa kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu.

Utaambiwa na muuzaji kuwa samaki hukua kulingana na tangi lake. Huo ni uongo unaouza samaki. Kinachomdumaza samaki katika tangi dogo ni uchafu wake mwenyewe na dhiki ya kukosa nafasi, na aliyedumaa hivyo huugua na kufa kabla ya umri wake. Mnyama wa porini akikosa nafasi huhama, lakini uliyemfungia ndani ya kioo hana pa kwenda, kwa hivyo hesabu ya nafasi ni juu yako.

Wa kwetu nao wasikudanganye kwa sababu tu wanapatikana karibu. Ukiifuata barabara ya kutoka Thika kuelekea Nyeri utafika Sagana, ambako kipo kituo cha taifa cha utafiti wa ufugaji wa samaki, na vifaranga vya kambare si adimu katika ukanda huo. Kambare wa Afrika ni mwindaji hodari, havumilii mwenzake, na huweza kupita mita 1. Ni samaki wa bwawa. Kamongo wa Ziwa Victoria hufikia karibu mita 2 na anauma vibaya. Sangara, huyo sihitaji kumweleza mtu aliyewahi kupita sokoni.

Sasa tupime tangi. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha ugawe kwa 1,000. Utapata lita. Tangi linaloitwa la futi mbili, lenye sentimita 60 kwa 30 kwa 30, hubeba lita 54 tu. La futi tatu, 90 kwa 40 kwa 40, hubeba lita 144. La futi nne, 120 kwa 45 kwa 50, hubeba lita 270. La futi sita, 180 kwa 60 kwa 60, hufika lita 648. Angalia jinsi lita zinavyoruka: kutoka futi mbili hadi nne urefu umeongezeka mara mbili, lakini maji yameongezeka mara tano.

Lita zenyewe hazitoshi kuamulia. Matangi mengi yanayouzwa huwa marefu kwa kwenda juu na membamba kwa ubavu, maana hivyo hupendeza sebuleni. Samaki mkubwa hahitaji kimo, anahitaji pa kugeukia. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: urefu wa tangi uwe angalau mara 4 ya urefu wa samaki akishakuwa mzima, na upana wake uwe mara moja na nusu. Oska wa sentimita 30 anataka sentimita 120 kwa 45. Ndiyo kusema futi nne kwa futi moja na nusu, na hapo ni oska mmoja, peke yake. Wawili wanataka futi sita. Mwenye tangi la futi nne lenye upana wa sentimita 30 hana tangi la oska, hata akiambiwa nini.

Halafu kuna uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hivyo tangi la lita 270 lina kilo 270 za maji kabla hujahesabu kioo, mchanga, mawe na meza yake. Jumla hupita kilo 350, juu ya eneo dogo kuliko kitanda. Liweke kando ya ukuta unaobeba jengo, meza yake iwe ya chuma au mbao nzito, na zungumza na mwenye nyumba kwanza. Katika ghorofa ambazo hujui zilijengwaje, mimi nisingepita tangi la futi nne.

Tukirudi kwa samaki wenyewe, habari njema ni kwamba mwindaji si lazima awe mkubwa. Mwenye tangi la futi mbili hahitaji kujinyima. Yuko bunju mdogo wa mito ya kusini magharibi mwa India, Carinotetraodon travancoricus, ambaye akiwa mzima hana hata sentimita 4. Sisi bunju tunamjua kwa sumu yake jikoni, lakini huyu wa maji baridi ni burudani: macho yake huzunguka kila upande peke yake, huwafuata konokono mmoja mmoja na kuwanyofoa kwenye magamba. Weka mimea mingi, umpe konokono wadogo na minyoo, kwa kuwa chakula cha unga wengi wao hukikataa. Usimchanganye na samaki wenye mapezi marefu, atayatafuna. Huko kwao idadi yake imepungua kwa kuvuliwa mno, kwa hivyo muulize muuzaji kama wake wamezalishwa matangini.

Tangi la futi tatu ndilo lenye uchaguzi mtamu zaidi, na ndilo linaloingia katika chumba kimoja bila ugomvi. Kutoka bonde la Kongo yuko yule anayefanana na jani kavu lenye madoa, Ctenopoma acutirostre. Hukua polepole hadi sentimita 15 hivi, hujificha kati ya mimea, husogea taratibu kama jani linalopeperuka, kisha mdomo hufunguka ghafla na kidagaa hakionekani tena. Kutoka Afrika ya magharibi na ya kati yuko Pantodon buchholzi, wa sentimita 10 hadi 13, ambaye mapezi yake yametanda kama mbawa. Wazungu humwita kipepeo, lakini si kipepeo wetu wa matumbawe. Huyu hukaa juu kabisa ya maji akisubiri wadudu, na huruka, kwa hivyo bila kifuniko utamkuta sakafuni amekauka.

Wa tatu ndiye nimpendaye kuliko wote. Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma na jirani zake, lina samaki wa ukoo wa Altolamprologus, ambao miili yao imebanwa kwa ubavu kiasi cha kupenya ufa wa mwamba na kuchomoa kamba na vifaranga vya samaki wengine. Dume hufika kama sentimita 14, tena kwa miaka. Huyu kasi yake ya kukua haiwezi kumshtua mtu. Anachotaka ni mawe mengi yenye mianya, na maji magumu yenye alkali. Hapo ndipo palipo na kazi, maana maji ya mito itokayo milima ya Aberdare, ambayo ndiyo inayolisha eneo hilo, ni laini. Mpwani hapa ana bahati. Kokoto za matumbawe makavu na magamba ya kombe, yakioshwa na kuchemshwa, huyeyusha chokaa polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Usiyatoe katika hifadhi za bahari kama Kisite au Watamu, ni kosa. Ganda lililobaki baada ya mlo linatosha. Na kama jengo lako hutumia kisima cha kuchimbwa badala ya mfereji, usikisie: maji ya visima hutofautiana sana kutoka ploti moja hadi nyingine. Nunua kipimo cha ugumu na cha asidi kabla ya kununua samaki.

Kwa futi nne, yenye upana wa sentimita 45, chagua mmoja kati ya watatu. Oska, nimeshamtaja. Jack Dempsey, aliyepewa jina la bondia wa Marekani kwa ukorofi wake, hufika sentimita 20 hadi 25, na kwa hivyo hupata nafasi nzuri kuliko oska katika tangi hilo hilo. Wa tatu ni bichiri wa Senegali, Polypterus senegalus, samaki wa umbo la kale, mwenye mwili mrefu kama mkunga na safu ya mapezi madogo mgongoni. Licha ya jina lake, yumo hata katika Ziwa Turkana. Matangini hufika sentimita 30, haoni vizuri, hutafuta chakula kwa kunusa usiku, na hupanda juu kuvuta hewa, kwa hivyo acha nafasi kati ya maji na kifuniko. Kifuniko chenyewe kizibwe hadi kwenye tundu la waya wa pampu. Bichiri hupita mahali ambapo hungedhani.

Wawindaji wakubwa wa Ziwa Nyasa, akiwemo Nimbochromis livingstonii anayelala ubavu mchangani akijifanya mzoga mpaka vidagaa vije kumdonoa, pamoja na frontosa wa Tanganyika mwenye nundu ya kipaji, ni wa futi tano au sita. Wanaishi kwa makundi, na mzoga wa uongo haumpendezi mtu katika tangi ambalo hana pa kulala.

Umeshachagua samaki. Sasa hesabu gharama yake ya kila mwezi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Thika na Ruiru ziko takriban mita 1,500 juu ya bahari. Mombasa tangi huhitaji kupoozwa zaidi ya kupashwa moto, lakini kule usiku wa Julai joto la nje hushuka chini ya nyuzi 15, na samaki hawa wanataka kati ya nyuzi 24 na 28. Huna budi kuwa na hita, wati 1 hivi kwa kila lita. Hita ya wati 300 ikiwaka jumla ya saa 10 kwa siku hutumia uniti 3, ambazo ni uniti 90 kwa mwezi wa baridi. Zidisha kwa bei ya tokeni unayonunua. Tangi la lita 54 hutosheka na hita ya wati 50, na huo ni mmoja kwa sita wa gharama hiyo.

Maji nayo yana hesabu yake. Mwindaji hula protini nyingi na uchafu wake ni mzito. Uchafu huo huzaa amonia, ambayo bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujaa, kwa hivyo tangi jipya halipokei mwindaji siku ile ile. Nitrati haiondoki kwa chujio. Huondoka kwa kubadilisha maji. Tangi la lita 270 lenye oska linataka kubadilishwa karibu thuluthi moja kila wiki, nazo ni lita 80 hadi 90, yaani mitungi minne ya lita 20 na ziada kidogo. Ikiwa mfereji umekauka tangu Jumatatu na maji yanapandishwa kwa mabega hadi ghorofa ya nne, mitungi hiyo ni ya oska au ni ya kupikia? Jijibu kwa ukweli kabla ya kununua. Kwa tangi la futi tatu lenye samaki mmoja wa sentimita 14, ni mitungi miwili tu. Maji ya mfereji yana klorini: yaache wazi kwa siku nzima au tumia dawa ya kuiondoa, na uyapashe moto kidogo kabla ya kuyamimina.

Chujio lizungushe maji yote ya tangi mara 5 au 6 kwa saa. Na kwa kuwa stima hupotea, pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima. Chujio likisimama kwa saa nyingi, bakteria hukosa oksijeni na kufa, na stima ikirudi hulitapika tangini kila kilichooza.

Kuhusu chakula, kuna desturi ya kumtupia oska samaki hai wadogo wa dukani ili wageni waone. Sikubaliani nayo. Samaki hao huleta maradhi, na baadhi yao, goldfish hasa, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa anayewala. Mpe kamba waliomenywa, minofu ya tilapia, nyungunyungu wa shamba lisilopigwa dawa, omena waliorowekwa, na punje maalumu za kununua. Badilisha badilisha. Mafuta ya ng'ombe na mbuzi hawezi kuyasaga, yaepuke. Mtoto hula kila siku. Mtu mzima hutosheka kwa mara 3 au 4 kwa wiki, hata akikutazama kwa macho ya ombaomba, na oska ni bingwa wa macho hayo. Wenza wa tangi wachague kwa kanuni moja: kinachoingia mdomoni kitaliwa, kama si leo basi usiku mmoja.

Utaniuliza mbona sijataja wa kwetu, chewa mdogo, mkunga au kikande. Wapo wanaovuliwa katika pwani yetu kwa ajili ya matangi ya ng'ambo, na biashara hiyo ni ya miaka mingi. Lakini kuweka bahari Ruiru ni kutengeneza maji ya chumvi kwa chumvi maalumu kila wiki, na wote hao watatu ni wawindaji ambao huvunja matumbawe au humeza majirani. Wengi wa chewa hupita hata oska kwa ukubwa. Kwa bajeti ya fleti, samaki wa maji baridi ndio njia.

Linabaki suala la samaki aliyezidi tangi, maana wapo wanaosoma haya wakiwa tayari na arowana wa sentimita 40 anayegonga kioo. Usimpeleke mtoni. Mto Chania huungana na mto Thika, ukaingia Masinga, ukawa Tana, ukatokea baharini Kipini. Mto Ruiru huishia katika Athi, ambao ndio Galana, ambao ndio Sabaki, na mdomo wake uko jirani na Malindi. Unachokiachilia pale darajani kinashuka kuelekea kwa watu wetu. Tuliona Ziwa Victoria: sangara aliingizwa kwa mkono wa binadamu katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amechangia kuzimaliza aina nyingi mno za furu ambazo hazipo pengine popote duniani. Wenyeji wa kwanza hawakuwa wengi, nao walitosha.

Mrudishe kwa muuzaji hata kwa bure, au mtafutie mwenye bwawa la ndani ambalo halimwagiki mtoni. Ikishindikana, na samaki anateseka, iko njia ya huruma ambayo dawa yake ni karafuu. Mafuta ya karafuu humtia samaki usingizi. Tia kama matone 10 kwa kila lita, yakiwa yametikiswa kwanza na maji ya vuguvugu ndani ya chupa, katika ndoo ya maji ya tangi lake, na umwache humo nusu saa baada ya mashavu kuacha kupumua. Huko Amazon oska huvuliwa na kuliwa kama tunavyokula tilapia, lakini aliyekaa katika dawa za tangi na mafuta ya karafuu haliwi, huzikwa shambani.